Pongo na Tuta la Mgeni

Haya, mnaotafuna temeni, mnaosinzia amkeni, maana habari hii haitarudiwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akijikuna. Mmeuliza kwa nini mashamba yote ya huku juu, chini ya msitu, yamezungushiwa kivumbasi. Tena kuna waliodiriki kusema kwamba wazee walikuwa wavivu wa kung'oa magugu. Magugu! Hebu kaeni chini mwelezwe.

Zamani, huku milimani Utaita, pongo alikuwa akipiga hodi.

Ndiyo, pongo huyuhuyu. Wakati huo hakuwa na madoa wala mistari. Alikuwa mwekundu mtupu kama udongo wa kichuguu, na sauti yake ilikuwa laini, ya kubembeleza, kama ya kijana aliyekuja kuposa. Wanyama wengine waliiba. Nyani aliiba, nguruwe aliiba, tumbili aliiba mchana kweupe, na mwizi dawa yake inajulikana, ni mawe na makelele. Lakini pongo hakuiba hata siku moja. Alifika mlangoni pa shamba, akainamisha kichwa, akasema, "Hodi wenyewe." Basi hapo watu wamekwisha.

Walikwisha kwa sababu ya desturi yao. Mgeni akipiga hodi shambani, haulizwi katoka wapi wala amefuata nini. Hulishwa. Tena hulishwa kutoka tuta la kwanza, lile la mlangoni, lililoitwa tuta la mgeni. Akilimaliza na bado ana njaa huonyeshwa la pili, kisha la tatu, mpaka mwenyewe aseme, "Nimeshukuru." Na kwa kuwa kila mtu aliogopa kuitwa mchoyo kuliko alivyoogopa njaa, mnadhani walipanda nini katika tuta hilo? Kile kitamu kuliko vyote! Kunde changa, maharage laini, mchicha wa mwanzo. Yaani watu wanamtandikia mgeni mlangoni na mto wanamwekea, halafu wanashangaa haondoki. Binadamu bwana.

Shamba lililokuwa juu kuliko yote, lililopakana na msitu, lilikuwa la mwanamke aitwaye Wawuda. Mumewe alikuwa mbali nyikani na mifugo, naye alilima peke yake. Mwaka huo jua liliwaka mpaka bonde lote likawa rangi ya majivu. Shamba la Wawuda tu ndilo lililopata maji, kwa sababu chemchemi ya msituni ilipita pembeni mwake, na likabaki kijani. Sasa pongo akiona kijani hahitaji kuitwa mara ya pili.

Alikuja asubuhi, umande ungali majanini. "Hodi, Mama Mshai."

"Karibu," alisema Wawuda, maana angesema nini?

Pongo alikula tuta la mgeni, akaonyeshwa la pili, akala, akaonyeshwa la tatu, akala, akasema, "Nimeshukuru," akaenda zake kulala kivulini. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi. Wawuda alipoanza kununa, pongo alimwambia kwa upole, "Mama Mshai, si ninyi mnaosema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mimi nimekuja. Pona basi." Kisha akaendelea kutafuna.

Wawuda akakumbuka kwamba wahenga walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akaingia ndani mbiombio, akatoka na jembe, akalitupa mbele ya pongo. Pongo akalitazama jembe. Akazitazama kwato zake. Akamtazama Wawuda kwa huruma. "Ningelima, mama," alisema, "tena ningelima kwa moyo mmoja. Lakini Mungu hakunipa vidole." Akaliruka jembe kwa adabu, akaendelea na tuta la nne.

Mungu wangu! Mtu anaweza kupasuka.

Na kama ingekuwa ni kunde tu, Wawuda angevumilia, maana kunde huota tena. Lakini mwaka ule binti yake Mshai alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyokuwa ada. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye makelele. Maziwa ndiyo hayakuja. Mshai alikandwa kwa maji ya moto, akafukizwa kwa majani, akanyweshwa uji wa mtama, wapi! Matone tu. Kitoto kilivuta, kikachoka, kikalia. Wakunga wote walisema neno moja: mzazi apikiwe majani machanga ya kunde, kila siku, ashibe, na maziwa yatashuka. Na majani machanga ya kunde yalikuwa wapi katika nchi nzima? Shambani kwa Wawuda. Na jua likishachomoza yalikuwa wapi? Tumboni mwa pongo.

Mwanzoni kilio cha mtoto kilisikika mpaka chemchemini. Baadaye kikawa kinasikika uani tu. Kisha ikawa lazima uiname juu ya mkeka ndipo umsikie. Wawuda aliinama, akasikiliza, akainuka akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Mghoi.

Huyu Mghoi alikuwa mwanamke wa bondeni aliyejipa kazi ya kulinda adabu za watu wengine. Ukimnyima mtu chumvi, Mghoi anajua kabla chumvi haijarudi chunguni. Shamba lake lilikuwa chini, mbali na msitu, na pongo hakuwahi kufika huko kwa sababu kila siku alikuwa ameshashiba kwa Wawuda. Kwa hiyo Mghoi aliipenda sana desturi ya wageni, akaisifia kila mahali, na ni rahisi mno kuwa mkarimu kwa kunde za mwenzako.

"Mghoi, dada yangu," Wawuda alisema, "nimechoka. Namfukuza yule mnyama leo. Mjukuu wangu anakwisha."

"Umfukuze mgeni?" Mghoi alishika kichwa. "Laana hiyo! Unataka mvua isinyeshe?"

"Kwani inanyesha?"

"Ndiyo unataka umalizie kabisa?"

Wawuda alisogea karibu. "Basi nitampandia kitu kichungu kwenye tuta lake. Kitu cha kumkomesha."

"Asichokula mwenyeji, mgeni hapewi," alisema Mghoi, kidole juu. "Ukimpa sumu ni uuaji, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema."

"Sisemi sumu. Nasema chakula chetu wenyewe, lakini yeye akitazame akikatae."

Mghoi alicheka mpaka akakaa. "Akatae chakula cha bure! Hilo halijatokea tangu dunia iumbwe. Lakini sikiliza, mgeni akikataa la mlangoni, hana la ndani. Amekata udugu kwa mdomo wake, na hodi yake haiitikiwi tena. Si kila mtu anajua?"

Hakuna aliyejua. Nani angejua, na mlangoni mwa watu wote kuna kunde changa? Wawuda aliinuka. Aliaga, akapanda mlima karibu anakimbia, akalitazama tuta la mgeni kama mtu anavyomtazama ng'ombe anayetaka kumchinja. Akaling'oa lote.

Hakuwa na muda wa kusubiri mbegu, kwa hiyo alihamisha miche iliyokomaa, mizima na udongo wake, kutoka nyuma ya nyumba na kando ya njia. Alianza na mipilipili. Pongo alikuja, akapiga hodi, akala majani yote na kuacha pilipili zenyewe zikining'inia. Machozi yalimtoka. "Leo mmeweka viungo!" alisema akikohoa. "Jamani, msijisumbue hivi kwa ajili yangu." Akaenda zake kwenye kunde.

Akaleta mchaichai, wenye majani yanayokata vidole kama wembe. Pongo aliutafuna polepole, shavu hili na shavu lile, akasema meno yake yalikuwa yanahitaji kusuguliwa. Akaenda kwenye kunde.

Akaleta maboga, yale yenye majani ya manyoya yanayowasha ulimi. Pongo akayasogeza majani kwa pua, akachuma maua na ncha changa kwa ustadi mpaka ukadhani ana vidole vile alivyosema hakupewa. Na kwa kuwa alikuwa ameonja, hakuna wa kumwambia amekataa. Akaenda kwenye kunde.

Wawuda hakulala usingizi wa maana siku hizo. Kila alipofumba macho aliona midomo ile ikitafuna. Alikonda, akawa mkali, akawagombeza hata kuku. Mshai alimwambia, "Mama, pumzika," na Wawuda akajibu, "Nipumzike, na yule mheshimiwa anakula mtoto wako?" Kisha akaona uso wa binti yake, akajuta, akaenda kuchemsha majani ya kumfukizia.

Majani yenyewe yalikuwa kivumbasi. Watu walikitumia kwa homa na kwa mafua, walikitia katika mchuzi wa nyama, na mzazi alifukizwa nacho ili mwili ufunguke. Mvuke wake ulijaa nyumba nzima, ukaingia katika nguo za Wawuda na katika nywele zake. Alipotoka nje alimkuta pongo mlangoni pa shamba, kichwa kimeinama tayari kwa hodi. Lakini hodi haikutoka. Pongo alirudi nyuma, akajilamba pua, akaifuta kwa goti.

"Mama Mshai," alisema, "leo umejipaka nini?"

Wawuda alisogea hatua moja. Pongo akarudi hatua moja. Wawuda akasogea tena. Pongo akarudi tena, masikio yamelala nyuma, na siku hiyo akala upande wa mbali kabisa, amegeuza pua kwenye upepo, na hakusema nimeshukuru kwa sauti.

Jamani, fikirini. Pongo anaishi kwa nini? Si kwa meno, si kwa nguvu, wala si kwa mbio, maana hukimbia kidogo tu halafu anajificha. Anaishi kwa pua. Chui akiwa ng'ambo ya korongo, pongo ameshamjua. Na harufu ya kivumbasi ikishaingia puani mwake, hakuna harufu nyingine inayopita. Wawuda hakuyajua hayo yote, lakini alimwona mtu anayerudi nyuma mbele ya nguo zake, na hilo lilimtosha. Alichimba vichaka vya kivumbasi siku nzima. Alipanda tuta la mgeni lote, akalishindilia, akamwita Mghoi, akachuma jani akalitafuna mbele yake akameza.

"Umeona? Mwenyeji anakula."

"Nimeona," Mghoi alisema kwa mashaka, maana hakupenda jinsi Wawuda alivyokuwa akitabasamu.

Asubuhi pongo akaja. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Alisimama. Mbele yake kulikuwa na kivumbasi, na nyuma ya kivumbasi kulikuwa na kunde, laini, changa, zina umande. Uroho na woga vilishindana pale ukiona kwa macho. Na uroho ukashinda! Pongo alifumba macho, akabana pumzi, akameza vichaka vile bila kutafuna, kimoja baada ya kingine, akitetemeka mwili mzima, mpaka tuta likabaki udongo. Kisha akavuka, akala kunde zote, akabakiza mashina tu.

Wawuda alikaa chini palepale, kwenye udongo, akalia. Alilia kwa hasira, akipiga ardhi kwa viganja, akimtukana pongo na ukoo wake na kila aliyewahi kusema karibu. Ndani ya nyumba mtoto hakulia. Kimya kile ndicho kilichomwinua. Akajipangusa, akaenda kuchimba kivumbasi kingine na kukipanda palepale mlangoni, si kwa matumaini, ni kwa ubishi tu, kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini kingine.

Jioni ile, jua likiwa bado kwenye ncha za miti, pongo alikuwa amelala mahali pake pa siku zote, tumbo limejaa, pua imejaa kivumbasi. Chui mmoja wa msitu ule alikuwa amemwinda miaka yote, na miaka yote pongo alimnusa na kuondoka kabla hajakaribia. Siku hiyo alikaribia. Alikaribia mpaka akaweka makucha ubavuni. Pongo aliruka, akaburuzwa, akajichomoa, akaangukia kwenye korongo la miiba ambako chui hakutaka kumfuata, na huko akabaki, damu zinamtoka katika vidonda vya madoa na michirizi, koo linawaka kwa yale aliyoyameza. Vidonda vilipopona baadaye, manyoya yaliota meupe. Nendeni mkamtazame ubavuni, kama mnadhani mnadanganywa.

Asubuhi akaja tena! Ndiyo, akaja. Mwenye tabia yake haachi kwa kuburuzwa mara moja. Alichechemea mpaka mlangoni pa shamba, akasema hodi kwa sauti iliyokwaruza, iliyotoka nusu nusu. Wawuda alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, na Mghoi pembeni, kwa sababu Wawuda alikuwa amemvuta kutoka kitandani.

"Karibu, mgeni," alisema Wawuda. "Chakula hicho hapo mlangoni."

Pongo aliinamisha kichwa. Harufu ikampanda puani, na palepale mwili wake wote ukakumbuka makucha. Miguu ikarudi nyuma yenyewe.

"Mama Mshai," alisema, "leo ningeomba nianzie la pili."

"La kwanza ndilo la kwanza."

"Naumwa kidogo. Ukinitazama utaona."

"Pole sana. Kula upone."

Pongo alimgeukia Mghoi. "Mama Mghoi, wewe ni mtu wa haki. Umenitetea siku zote. Mwambie."

Mghoi alikitazama kivumbasi. Alikuwa amemwona Wawuda akikila. Hakuwa na mahali pa kushika. "Kula, mgeni," alisema. "Onja hata jani moja."

"Siwezi."

"Umesema nini?"

"Siwezi!" Pongo alipaza sauti. "Sitaki! Kitu gani hiki mnawapa watu?"

Basi Wawuda akakunja mikono. Alimtazama Mghoi tu, akasubiri. Na Mghoi, mlinzi wa adabu, alilazimika kuitoa sheria kwa mdomo wake mwenyewe. "Mgeni akikataa la mlangoni, hana la ndani," alisema taratibu. "Amekata udugu. Hodi yake haiitikiwi tena."

Pongo alifungua mdomo abishe. Alitaka kupiga hodi upya, kwa sauti yake ile ya posa, aanze mambo mwanzo. Lakini koo lilikuwa limeungua, na kilichotoka ni "Bweh!" Akajaribu tena. "Bweh!" Alishtuka mwenyewe, akainua mkia, akaingia msituni.

Mghoi alibaki akitazama alikopotelea. Halafu akatazama chini bondeni, kwenye shamba lililofuata baada ya la Wawuda, na la baada ya hilo, mpaka macho yakafika kwenye shamba lake. Mkarimu yule akahesabu moyoni pongo mwenye njaa atakwenda wapi kesho. "Wawuda, dada yangu," alisema kwa sauti ndogo, "hivyo vichaka vinapatikana wapi?" Kabla ya jioni alikuwa amezungushia kivumbasi shamba lake lote, hata upande wa nyumba yake. Majirani wakamwona, wakauliza, wakachimba na wao.

Wawuda hakuwa na habari nao. Alikuwa ameshachuma kunde zilizoanza kuchipua tena, viganja viwili tu, akazipika, akamlisha Mshai kwa mkono wake mwenyewe. Kesho yake zilikuwepo nyingine. Keshokutwa yake zilikuwepo nyingi. Siku maziwa yaliposhuka yalishuka ghafla, yakalowesha nguo ya Mshai, na kitoto kikashika titi kwa nguvu mpaka mama yake akapiga kelele. Wawuda alipomsikia alidondosha kibuyu cha maji, akakaa kizingitini, akacheka na kulia vyote pamoja, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Na tangu siku hiyo, mashamba ya huku juu hupandwa kivumbasi mpakani, na vitamu hukaa ndani, karibu na nyumba. Tangu siku hiyo pongo ana madoa ubavuni, na hula vingi vya watu lakini si hicho. Hufika asubuhi au magharibi, husimama kwenye ukingo wa msitu, hunyoosha pua, hubweka kwa hasira, kisha hurudi alikotoka. Na mama aliye ndani na mtoto mchanga kifuani, mtoto akishtuka kwa sauti hiyo na kuachia titi, humrudishia taratibu, akamwambia, "Nyonya, mwanangu. Huyo anabweka tu."